Balozi Hatibu Malaria: mazungumzo juu ya vijana wetu wanaotaka kusoma diplomasia

Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano mkuu, kabla ya kura juu ya sanduku la masomo. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, ili wanachama wa vijiji vya mbali ambao hawakufika, pamoja na wafadhili wetu, wapate kuyasoma.



Tumepewa muda kidogo, na tunajua wengine wenu mko njiani tangu alfajiri. Basi tuingie moja kwa moja. Hapa mezani kuna barua mbili. Moja ni ya binti, nyingine ni ya kijana mwanaume. Wote wawili walizaliwa kambini Tanzania, wote wawili wamepata diploma ya Exetat, na wote wanaomba sanduku letu liwasaidie kusoma uhusiano wa kimataifa chuo kikuu, kwa sababu wanataka siku moja kuwa wanadiplomasia wa nchi hii.

Barua hizo ziliposomwa kwenye kamati, mzee wetu mmoja alisimama akasema: «Balozi hatibu malaria. Tuko na haja ya manesi.» Watu walicheka, lakini mzee hakucheka. Sisi pia hatukucheka, juu alisema jambo la kweli. Sanduku ni dogo. Franga yoyote tunayompa huyu, tunaiondoa kwa yule. Kwa hiyo leo hatukuja kuwasifia diplomasia. Tulikuja kuwaambia njia yake ikoje, inafungwa wapi, na tunapendekeza nini.

Kwanza tukiri kosa letu

Wengi wenu mnakumbuka kijana tuliyemsaidia miaka iliyopita. Alisikia kuna mahali wanatoa cheti cha diplomasia kwa miezi michache. Akaja kwetu sisi wa tereni na tangazo kwenye simu, lenye bendera na mihuri mingi. Tulifurahi naye. Sisi wenyewe ndio tulimwandikia barua ya kumpendekeza kwenu. Hatukuuliza kama lile shule linatambuliwa na Wizara ya elimu ya juu. Hatukuuliza kama kuna mtu yeyote aliyepata kazi kwa cheti kile. Mlitoa dola 600. Alipokwenda kuonyesha karatasi yake kwenye ofisi, wakamrudishia bila kuiandika hata kwenye kitabu.

Leo yule kijana ni motari. Anafanya kazi yake kwa heshima na watoto wake wanakula. Lakini akitupita barabarani anatusalimia kwa adabu, na sisi tunaona haya. Kosa halikuwa lake peke yake. Sisi wenye diploma ndio tuliopaswa kuuliza. Ndiyo maana safari hii tumeuliza kwanza.

Hii kazi ni kazi gani?

Watu wengi wakisikia «diplomate» wanaona gari lenye bendera na suti nyeusi. Mapatano ya Vienna ya mwaka 1961, ambayo karibu nchi zote za dunia zinayafuata, yanataja kazi tano za ubalozi: kuwakilisha nchi yako, kulinda faida za nchi na za raia wake, kufanya mapatano, kuangalia kwa njia za halali mambo yanayotokea kule na kuyaandikia Serikali yako, na kukuza urafiki, biashara, utamaduni na sayansi kati ya nchi mbili. Suti haimo kati ya hizo tano.

Sisi tuliorudi tuna sababu ya kuielewa hii kazi kuliko wengine. Mnakumbuka meli iliyotutoa Kigoma ikatushusha Baraka. Kundi la kwanza la HCR lilivuka mwezi wa Oktoba 2005. Meli ile haikuja tu kwa sababu kulikuwa na mafuta. Kabla yake watu wa Kongo, wa Tanzania na wa HCR walikaa mezani, wakabishana nani anapokea watu, karatasi gani zitakubaliwa, mtu abebe mizigo kiasi gani, na kwamba hakuna atakayerudishwa kwa nguvu. Hilo la mwisho si huruma ya mtu. Limeandikwa katika kipengele cha 5 cha Mapatano ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika juu ya wakimbizi, ya mwaka 1969: kurudi nyumbani ni kwa hiari ya mtu mwenyewe. Kuna waliokaa wakaandika lile neno «hiari», na maisha yetu yakapita ndani yake.

Sasa mfano wa pili, wa ziwa letu. Mvuvi wetu anaweza kusukumwa na upepo usiku, asubuhi akajikuta maji ya nchi nyingine, nyavu zimekamatwa na yeye yuko rumande. Mapatano mengine ya Vienna, ya mwaka 1963 juu ya kazi za konseli, yanasema katika kipengele cha 36 kwamba mtu aliyekamatwa nchi ya kigeni ana haki ya kuomba konseli wa nchi yake ajulishwe, na konseli ana haki ya kumtembelea na kumtafutia mtetezi. Ni wavuvi wangapi hapa wanaojua hilo? Na konseli akijulishwa, anahitaji kuwa mtu anayeweza kusema na polisi wa Tanzania kwa Kiswahili chao, aandike barua safi, afuate jambo mpaka mwisho.

Ni kweli, mzee, balozi hatibu malaria. Lakini nesi naye hawezi kumtoa mvuvi rumande. Kila mmoja ana kazi yake, na nchi isiyo na mmoja wao inalipa.

Mwaka 1960 tulilipa

Kongo ilishika uhuru tarehe 30 Juni 1960 ikiwa na Wakongomani waliomaliza chuo kikuu chini ya 30. Chuo cha Lovanium chenyewe kilifunguliwa mwaka 1954 tu. Thomas Kanza, aliyemaliza Leuven mwaka 1956, alipelekwa kusemea nchi kwenye Umoja wa Mataifa akiwa bado kijana kabisa, kwa sababu waliosoma kama yeye walikuwa wa kuhesabu kwa vidole.

Wazee wanakumbuka Meza ya Duara ya Bruxelles, ya Januari na Februari 1960, iliyopanga tarehe ya uhuru. Lakini kulikuwa na meza nyingine baadaye, mwezi wa Aprili na Mei, ya mambo ya uchumi: migodi, makampuni, madeni. Wakuu wetu wengi walikuwa katika kampeni ya uchaguzi. Kule wakatumwa vijana, wengine bado wanafunzi. Upande wa pili wa meza waliketi watu waliojua hesabu za koloni hadi ukurasa wa mwisho. Ugomvi juu ya mali ile ulidumu miaka mingi baada ya uhuru.

Hatusemi haya ili kuwadharau vijana wale. Walitumwa bila kuandaliwa. Tunasema haya kwa sababu kila mara amani ya mashariki inapojadiliwa, iwe Lusaka mwaka 1999, iwe Pretoria na Sun City mwaka 2002 na 2003, iwe siku hizi, vijiji vyetu ndivyo vinavyoandikwa ndani ya karatasi. Tungependa siku moja mmoja wa wanaoandika awe anajua njia ya kwenda kisimani.

Njia ya masomo yenyewe

Sasa tufuate njia hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni Exetat. Wale waliosoma katika shule za Wakongomani kule Nyarugusu walifuata programu ya Kongo kwa Kifaransa, na diploma yao ni diploma ya nchi hii. Lakini wale waliosoma katika shule za wenyeji Tanzania, Zambia, Burundi au Uganda, lazima waombe ekivalansi, yaani barua ya Wizara inayosema cheti chako ni sawa na diploma ya hapa. Bila hiyo, chuo kinaweza kukuandikisha mwaka wa kwanza na kukukwamisha mwaka wa mwisho. Iombeni mapema.

Hatua ya pili ni chuo kikuu. Zamani tulikuwa na miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence. Sasa ni mfumo wa LMD: licence miaka mitatu, masta miaka miwili, halafu dokta kwa anayetaka. Uhusiano wa kimataifa unasomwa Kinshasa na Lubumbashi katika fakilte ya sayansi za jamii, siasa na utawala. Lubumbashi ina historia ndefu katika hilo, maana wakati vyuo vyote vilipounganishwa kuwa UNAZA mwaka 1971, sayansi za jamii ziliwekwa kule. Na kwetu huku Lubumbashi kuna faida nyingine: Kiswahili kinasemwa mjini, mtoto hafiki kama mgeni.

Mtu halazimiki kupita uhusiano wa kimataifa peke yake. Sheria ni mlango mzuri, uchumi pia. Université Officielle na Université Catholique za Bukavu zote zina fakilte ya sheria. Anayejua sheria ya mikataba vizuri anaweza kufika kwenye diplomasia, na asipofika bado ana kazi mkononi. Kwa mtoto wa maskini hilo ni jambo kubwa. Mtoto wa tajiri anaweza kuchagua mlango mmoja na kungoja ufunguliwe. Wetu anahitaji nyumba yenye milango miwili.

Hatua ya tatu ni kuingia kazini. Mwanadiplomasia wa kazi ni mtumishi wa Serikali. Anaanza chini, kama ataché, kisha sekretari wa pili, sekretari wa kwanza, mshauri, na kuendelea. Mabalozi wanateuliwa na Rais wa Jamhuri, na mara nyingi anayeteuliwa hakupanda ngazi hiyo. Ni mwanasiasa au mtu anayeaminiwa. Tuseme ukweli huo hapa, mtoto asije kuukuta peke yake Kinshasa. Nafasi ni chache, na kujuana kunaingia.

Hatua ya nne ni mafunzo ya kazi yenyewe, ambayo chuo kikuu hakikupi: kuandika noti ya ubalozi bila neno moja la ziada, protokoli, kazi za konseli, kuongoza mazungumzo, kusoma mkataba na kuona neno lililofichwa. Kinshasa kuna Académie diplomatique congolaise, chini ya Wizara ya Mambo ya Nje. Nje ya nchi, Yaoundé kuna IRIC, iliyoanzishwa mwaka 1971, inayofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza na kupokea wanafunzi wa nchi nyingine za Afrika. Dar es Salaam kuna Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, kilichoanzishwa mwaka 1978 na Tanzania pamoja na Msumbiji, na leo kina jina la Dr. Salim Ahmed Salim. Yule Salim alikuwa balozi akiwa na umri wa miaka 22, na baadaye aliongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika kama Katibu Mkuu toka 1989 hadi 2001. Na kwa aliye na simu nzuri na subira, UNITAR, taasisi ya mafunzo ya Umoja wa Mataifa, inatoa masomo kwa intaneti.

Makaratasi

Hapa ndipo watoto wa waliorudi wanaanguka, kabla hata ya masomo. Anayetaka kutumikia Serikali lazima aonyeshe yeye ni Mkongomani. Aliyezaliwa kambini mara nyingi ana karatasi ya HCR tu. Sheria inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90. Zikipita, ni lazima kwenda mahakamani kupata jugement supplétif. Inachukua muda na franga, lakini inawezekana. Tumewasindikiza wengi.

Na jambo jingine, tulisikilize vizuri. Kipengele cha 10 cha Katiba yetu kinasema uraia wa Kongo ni mmoja, na haushikwi pamoja na uraia mwingine. Tuna ndugu waliochukuliwa Marekani, Kanada, Australia. Wengine wameshaapa kule. Hatuwalaumu, wanatutumia vya kulisha. Lakini kijana anayeota kuisemea Kongo ajue hilo mapema, asichukue karatasi ya pili akifikiri haitaonekana.

Lugha: mali tuliyorudi nayo

Watu wanasema wakimbizi walirudi mikono mitupu. Si kweli kabisa. Watoto wetu walirudi na Kiswahili cha Tanzania, na wengine na Kiingereza kidogo. SADC iliongeza Kiswahili kati ya lugha zake mwaka 2019. Umoja wa Afrika ulikifanya lugha ya kazi mwaka 2022, na mwaka huohuo Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha. Bujumbura, ng'ambo tu ya hapa, kuna ofisi za CIRGL, ile kongamano ya kimataifa ya nchi za Maziwa Makuu. Pale kuna kazi za wakalimani, za waandishi, za wachunguzi, na si lazima uwe balozi.

Lakini tusijidanganye. Kiswahili si kimoja kati ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa. Kijana bila Kifaransa kilichonyooka hapiti Kinshasa, na bila Kiingereza hapiti Arusha. Umoja wa Mataifa una mtihani wa vijana wataalamu, unaoitwa YPP kwa kifupi. Mwisho ni umri wa miaka 32, na unafunguliwa kwa nchi zilizochaguliwa mwaka ule. Anayeanza Kiingereza akiwa na miaka 30 amechelewa. Aanze sasa, sekondari, na bila kungoja sanduku letu.

Wakati wanangoja, kazi ipo hapa

Mwaka uliopita tulisindikiza ugomvi wa shamba. Mzee mmoja alirudi toka kambini akakuta jirani yake analima mihogo kwenye udongo wa baba yake. Jirani naye alikuwa amezika watoto wawili pale wakati wa vita. Wote wawili walikuwa na haki, na hapo ndipo ugumu. Vikao vilikuwa vitano. Aliyekuwa anaandika PV ni binti mmoja wa sekondari, ndiye huyu aliyeandika barua ya kwanza hapa mezani.

Kwenye kikao cha tatu, jirani alisema: «Nitatoka, lakini si leo.» Wengi wetu tulisikia ukaidi. Yeye aliandika yale maneno kama yalivyo, kisha akauliza kwa adabu: «Baba, ni lini?» Jirani akajibu: «Mihogo ikikomaa, na makaburi yaachwe.» Basi. Ugomvi ulikwisha pale, vikao viwili vya mwisho vilikuwa vya kupima mpaka. Sisi wenye diploma tulikuwa tumekaa pale siku tatu na hatukuuliza neno hilo moja.

Hatuleti habari hii ili mpige kura kwa machozi. Tunaileta kwa sababu mnauliza: mtu anaonekanaje kama anafaa? Anaonekana hivyo. Anasikiliza, anaandika kilichosemwa wala si alichotaka kisemwe, na anauliza kwa heshima. Shule inaongeza, haianzishi.

Tunapendekeza nini

Kwanza, nafasi za manesi na za walimu zisiguswe. Katika kila nafasi nne za sanduku, moja tu iwe ya masomo kama haya. Mwaka huu ni nafasi moja, na barua ni mbili. Kamati iwapime wote wawili kwa mtihani wa kuandika na wa kusema, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Hata binti tuliyemtaja apimwe kama mwenzake.

Pili, hakuna franga itakayopita mkononi mwa mwanafunzi wala mkononi mwetu. Minervali ilipwe kwenye konti ya chuo, mwaka mmoja mmoja, na mwaka unaofuata ulipwe baada ya kuona matokeo. Kabla ya malipo ya kwanza, wanachama wawili wasiokuwa ndugu wa mwanafunzi wathibitishe kwa maandishi kwamba chuo kinatambuliwa na Wizara.

Tatu, atakayesaidiwa atusaidie. Kila likizo akae wiki mbili ofisini kwetu akiwaandikia wanachama barua za ekivalansi, za jugement supplétif, za kutafuta ndugu. Ni kazi ya konseli kamili, na atajifunza kuliko darasani.

Na asiyechaguliwa asiachwe. Tutamsindikiza kuuliza kwenye ofisi ya HCR juu ya msaada wa DAFI, ambao tangu 1992 umesomesha wakimbizi wengi chuo kikuu, na pia unawafikiria waliorudi. Hatumwahidi kitu. Tunaahidi kuuliza naye, na safari hii tutauliza kabla.

Kwa wafadhili wetu, neno moja. Tunajua kisima kinapigwa picha vizuri, na mwanafunzi wa mwaka wa pili Lubumbashi hana cha kupigwa picha. Itachukua miaka mitano kwa uchache kabla ya kuona kitu. Tunawaomba mvumilie miaka hiyo pamoja nasi, na mtudai hesabu kila mwaka.

Mzee wetu, tumemaliza. Neno lako lilitusaidia kuandaa mazungumzo haya, na tunalirudisha kwako: ukiona mapendekezo yetu bado yanamnyima nesi nafasi yake, kataa. Tumekuja kuwaeleza, kura ni yenu.



Kura: mkutano ulikubali mapendekezo yote matatu, na la pili likaongezwa neno: risiti za chuo zibandikwe ukutani ofisini, kila mwanachama azione. Mzee aliyesema juu ya malaria alikubali kuwa mmoja wa wawili watakaothibitisha chuo.